Kila Mji na Chungu Chake: Hotuba kwa Wanaokwenda China

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wafanyabiashara na wanafunzi wanaojiandaa na safari. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo? Karibuni, na wale mliosimama nyuma sogeeni, viti vipo.

Nianze na swali. Nani hapa anajua chakula cha Kichina? Naona mikono mingi. Haya, nani anajua chakula cha Lanzhou? Cha Chengdu? Cha Kunming? Mikono imeshuka. Basi hapo ndipo tunapoanzia leo, maana ndani ya China hakuna mpishi anayepika chakula cha Kichina. Yupo anayepika cha Sichuan, yupo anayepika cha Guangdong, yupo anayepika cha Gansu, na kila mmoja akila cha mwenzake hukiona kigeni. Mtu anayekaa wiki mbili akila wali wa kukaanga wa hotelini, leo Guangzhou, kesho Xi'an, huyo amesafirisha mwili tu. Ulimi ameuacha nyumbani.

Ninalowaomba ni moja: kuleni kwa mji. Mkishuka kwenye treni, msiulize "hapa kuna chakula gani tunachokijua?" Ulizeni "hapa watu wanakula nini, na wanakula saa ngapi?"

Tuanze na ardhi, kwa sababu sufuria hufuata shamba. Katikati ya China kuna Milima ya Qinling, na ukienda mashariki yake unaukuta Mto Huai. Vuteni mstari hapo. Kaskazini ya mstari huo mvua haifiki milimita 800 kwa mwaka, kwa hiyo watu wamelima ngano tangu zamani. Kusini yake mvua ni nyingi, watu wanalima mpunga. Ukiwa Xi'an, Lanzhou au Beijing, agiza tambi, mikate, na vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani viitwavyo jiaozi. Ukiwa Guangzhou au Changsha, agiza wali. Ukiomba wali Lanzhou utapata, lakini utaletewa kitu ambacho mpishi hakukitia moyo.

Mtasikia pia Wachina wakizitaja jadi nane kuu za mapishi: Shandong, Sichuan, Guangdong, Jiangsu, Fujian, Zhejiang, Hunan na Anhui. Ijueni orodha hiyo, ila msiifuate kama ramani ya safari. Haimo Gansu, haimo Shaanxi, haimo Xinjiang, haimo Yunnan. Na kwa msafiri wa kutoka kwetu, hasa Mwislamu, huko ndiko penye chakula cha kushika kwanza.

Twende Lanzhou, mji mkuu wa mkoa wa Gansu, kando ya Mto Manjano. Inasimuliwa kwamba mwaka 1915 Mwislamu wa kabila la Hui aitwaye Ma Baozi alikuwa akitembeza tambi mitaani, mzigo uko begani. Sifa yake ilikuwa supu safi, nyeupe kama maji, wakati wengine waliuza mchuzi mzito. Kutoka kwake wapishi wa Lanzhou wamerithi kanuni ya mambo matano ambayo hata leo unaweza kuikagua ndani ya bakuli lako: supu iwe angavu, figili iwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, giligilani na majani ya kitunguu saumu viwe kijani, na tambi ziwe na umanjano.

Supu inakuwaje angavu? Hapa ndipo duka zuri linapoachana na duka baya. Mifupa ya ng'ombe huloweshwa kwanza ili damu itoke. Kisha inaanzia kwenye maji baridi, moto unapanda polepole, na povu huenguliwa kadiri linavyotokea. Baada ya hapo moto unashushwa, supu inatokota kwa upole saa nyingi. Mpishi mwenye haraka akiacha ichemke kwa nguvu, mafuta yanavurugika ndani ya maji na supu inakuwa na ukungu. Ukiona bakuli limetulia na bado huoni tambi zilizo chini kidogo tu ya supu, umeshajua.

Na tambi zenyewe? Unga wa ngano wenye nguvu, maji, chumvi, na magadi kidogo. Zamani magadi hayo yalitokana na majivu ya mmea wa jangwani. Siku hizi wanatumia unga maalumu wa dukani. Magadi ndiyo yanayoupa unga umanjano na kuufanya uvutike bila kukatika. Yakizidi, tambi zinakuwa chungu. Yakipungua, au unga usipopumzishwa, zinakatika mkononi. Mpishi anashika donge, analivuta, analikunja mara mbili, analivuta tena. Kila mkunjo nyuzi zinaongezeka mara mbili: 2, 4, 8, 16. Mara ya saba ana nyuzi 128, na yote hayo mbele ya macho yako, kwa muda usiotosha kukaa na kutafuta vijiti.

Sasa sikilizeni utaratibu, maana hapa wageni wengi hukwama mlangoni. Unalipa kwanza kwenye kaunta, unapewa tiketi. Unakwenda nayo dirishani kwa mpishi na kumwambia upana wa tambi. Maoxi ni nyembamba kama nywele, hulainika upesi, kwa hiyo uzile bila kuzungumza. Xi ni nyembamba kiasi. Erxi ni nene kidogo za mviringo, na kwa mara ya kwanza ndizo nawashauri, kwa sababu zinabaki na ukakamavu mpaka mwisho wa bakuli. Jiuye ni bapa. Kuan ni pana, na dakuan ni pana kama mkanda. Nyama iliyomo ni vipande vichache tu; ukitaka zaidi unailipia pembeni, sahani ya peke yake. Hicho ni chakula cha asubuhi na mchana. Maduka mazuri yanafungua alfajiri, na mengi alasiri yameshafunga. Ukifika Lanzhou saa kumi na mbili jioni ukitafuta bakuli bora, umechelewa. Rudi kesho asubuhi.

Wanaokwenda Guangzhou na Yiwu, najua mnataka kuuliza: mbona huko pia kuna maduka yaliyoandikwa Lanzhou? Yapo mengi sana. Wenye maduka hayo, mara nyingi, hawakutoka Lanzhou. Wametoka wilaya ya Hualong, mkoa wa Qinghai, nao ni Wahui na Wasalar, Waislamu. Menyu yao ni pana kuliko ya Lanzhou: tambi za kukaanga, wali kwa mayai na nyanya, kuku wa sahani kubwa. Supu yao kwa kawaida haiifikii ile ya Lanzhou, lakini mtu aliyekesha kwenye ndege na anatafuta halali ya bei nafuu, hapo amefika.

Neno moja kwa Waislamu, na naomba kila mtu aandike. Alama ya kutafuta ni herufi hizi mbili: 清真, inasomwa qingzhen. Msitegemee maandishi ya Kiarabu peke yake, kwa sababu miaka ya karibuni yameondolewa kwenye mabango ya migahawa ya Beijing na miji mingine, ilhali mgahawa ni uleule na mpishi ni yuleyule. Jambo la pili: menyu ikisema "nyama" bila kumtaja mnyama, ni nguruwe. Jambo la tatu, na hili ndilo linalowanasa wengi: mboga za majani zinaweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na maandazi ya kamba yana mafuta hayo ndani. Kwa hiyo kusema "sili nguruwe" hakutoshi. Wekeni sentensi hii kwenye simu na kumwonyesha mhudumu, msihangaike na matamshi: 我不吃猪肉,也不吃猪油. Inasema sili nyama ya nguruwe, wala mafuta yake.

Na kabla hatujatoka kaskazini-magharibi: Xinjiang wana polo, na mtu wa Pwani akiiona sufuria yake atatabasamu. Kondoo wa mifupa, vitunguu, karoti nyingi, mara nyingine uzito sawa na mchele, na mchele unalala juu ukiiva kwa mvuke bila kukorogwa. Lakini msiitafutie karafuu, iliki na mdalasini. Ladha inatoka kwenye mafuta ya kondoo na utamu wa karoti za manjano. Aliyekwenda kutafuta pilau ya kwao atasikitika. Aliyekwenda kula polo atarudi kesho yake. Na Xi'an, kwenye mtaa wa Waislamu, mtapewa bakuli tupu na mkate mgumu muumege wenyewe kwa ajili ya paomo, yaani mkate uliomegwa ndani ya mchuzi wa kondoo. Umegeni vipande vidogo, kama punje za maharage. Mkivimega vikubwa mchuzi wa kondoo hauingii ndani, mtatafuna unga mkavu katikati. Kaeni, ongeeni, megeni polepole. Mpishi hachukui bakuli mpaka mmemaliza. Mkipewa namba pamoja na bakuli, ishikeni vizuri, ndiyo inayorudisha bakuli lenu kwenu.

Sasa ndugu zangu, pilipili. Nani hapa anasema "mimi pilipili naiweza"? Naona mikono imerudi! Vizuri. Pilipili si ya asili ya China. Ilitoka Amerika, na mwandishi mmoja wa Hangzhou aliiandika mwaka 1591 kama mmea wa kupamba bustani, akaisifia wekundu wake. Watu wa pwani waliitazama tu. Waliokuja kuila ni watu wa bara. Kumbukumbu za karne ya 18 zinasema huko Guizhou, mkoa wa milima usio na chumvi yake, ambako chumvi ilikuwa ghali, watu walitumia pilipili badala ya chumvi. Kutoka huko ikasambaa Hunan na Sichuan.

Lakini anayekwenda Sichuan asidhani anakwenda kupambana na ukali peke yake. Kule kuna kitu kingine, huajiao, tunda dogo la mti wa jamii ya michungwa. Hilo haliunguzi. Linatia ganzi. Wanasayansi wamepima wakakuta midomo inahisi kama inatetemeshwa takriban mara 50 kwa sekunde. Mgeni ambaye hakuambiwa hudhani amelishwa sumu, anaita mhudumu, anataka maji. Tulieni. Ganzi hupita baada ya dakika chache, na ndiyo inayomwezesha mtu kuendelea kula pilipili.

Chakula cha kujifunzia ni mapo tofu, cha Chengdu, mji mkuu wa Sichuan. Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini. Kinahusishwa na mgahawa wa familia ya Chen uliofunguliwa mwaka 1862 karibu na daraja la Wanfu, kaskazini mwa mji. Inasimuliwa kwamba wapagazi wa mafuta walikuwa wakipumzika hapo, na mke wa mwenye mgahawa, aliyekuwa na makovu ya ndui usoni, aliwapikia tofu kwa mafuta waliyobeba na nyama kidogo. Wachukuzi wenye njaa na fedha kidogo. Ndiyo maana chakula hiki ni kikali, kina mafuta, na kinashusha wali mwingi.

Kinapikwaje? Kwa tofu laini ya gramu 400, nyama ya ng'ombe ya kusaga gramu 100 inatosha. Tofu inakatwa vipande na kutiwa kwenye maji ya moto yenye chumvi dakika mbili tatu, ili ikaze na isivunjike. Nyama inakaangwa mpaka ikauke. Kisha vijiko viwili vya doubanjiang, ile rojo ya pilipili na maharage makubwa iliyochachushwa, inayotoka Pixian nje kidogo ya Chengdu. Rojo hii lazima ikaangwe kwa moto mdogo mpaka mafuta yageuke mekundu. Akiikatisha mapema, chakula kinanuka ubichi. Akiiunguza, kinakuwa kichungu. Supu, kisha tofu, na wanga uliokorogwa na maji unatiwa kidogo kidogo kwa awamu tatu, maana tofu hutoa maji na ukimwaga wanga wote mara moja mchuzi unaachana sahanini. Huajiao iliyosagwa inanyunyizwa mwisho kabisa. Mkiona mapo tofu yenye kidimbwi cha maji chini, mmeshajua awamu gani ilirukwa. Na kumbukeni: asili yake ni ng'ombe, lakini migahawa mingi hutia nguruwe. Onyesheni simu.

Chongqing, mji uliotenganishwa na Sichuan mwaka 1997, una chungu cha moto mezani, na kinachochemka humo ni mafuta ya ng'ombe yenye pilipili. Ombeni kile cha pande mbili, mmoja mkali na mwingine wa supu tulivu, hakuna aibu. Utumbo wa ng'ombe, ule mwembamba wa tabaka tabaka, huchovywa sekunde 15 tu, juu chini, juu chini, kwa vijiti hivyohivyo bila kuuachia. Ukizidisha unakuwa mpira. Anzeni na nyama, mboga za majani ziwe za mwisho, kwa sababu majani hunyonya mafuta yote ya pilipili na kukuletea mdomoni. Nyama mbichi ishikwe kwa vijiti vyake, na vya kulia viwe vingine. Matumbo mengi yanayosingiziwa pilipili yameharibiwa na kosa hili. Kibakuli cha mafuta ya ufuta na kitunguu saumu mnachopewa ni cha kuchovyea kila tonge, mafuta hayo yanapooza nyama na kufunika ulimi. Ukali ukizidi, msinywe maji baridi. Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, maji yanausambaza tu. Wali mtupu, maziwa au mtindi ndiyo dawa.

Guangzhou. Najua wengi wenu ndiko mnakokwenda, na najua wengi mtakaa mtaa wa Xiaobei, mtakula kwa ndugu zetu na kwa Waarabu, mtarudi na makontena bila kuonja mji wenyewe. Nasikitika kila nikilifikiria hili. Mnakanyaga mji ambao Wachina wengine wanapanda ndege kwenda kula, na mnaupita!

Mpishi wa Guangdong anaamini viungo vingi ni vya kuficha kitu kilicholala. Fedha yake anaitia kwenye ubichi. Samaki yuko hai ndani ya tangi, unamchagua, anapimwa. Bei kwenye kibao ni ya jin, yaani gramu 500, si ya kilo. Hapo ndipo bili inapowashtua watu. Samaki wa jin moja na kitu anawekwa kwenye mvuke wenye nguvu takriban dakika nane. Yale maji yanayojikusanya sahanini yanamwagwa, kwa sababu ndiyo yenye shombo. Kisha tangawizi na kitunguu cha majani vilivyokatwa kama nyuzi, mafuta ya moto yanamiminwa juu mpaka yalie, na mchuzi wa soya pembeni. Basi. Dakika mbili za ziada na nyama imekuwa pamba. Watu wa Pwani, ninyi mnaojua samaki, mtauelewa upishi huu kuliko mgeni yeyote.

Asubuhi nendeni kwenye chai. Ni kuanzia saa moja hivi mpaka saa tano, na vikapu vidogo vya mvuke vinakuja mezani. Kila mtu hulipia chai yake, hata asipoigusa. Mnapewa karatasi, mnatia alama kwa penseli. Vikapu viwili au vitatu kwa mtu vinatosha kuanzia. Maji ya moto ya kwanza wenyeji husuuzia vyombo mezani. Fanyeni kama wao. Chai ikiisha, msipige kelele, wekeni kifuniko cha buli upande, mhudumu atajaza. Mtu akikumiminia chai, gonga meza kwa vidole viwili. Kisa chake kinasimuliwa hivi: mfalme Qianlong, aliyeanza kutawala mwaka 1735, alikuwa akitembea nchini kwa kujificha, akamiminia chai mtumishi wake. Mtumishi alipaswa kupiga magoti, lakini angemfichua bwana wake, basi akakunja vidole mezani. Kapu la kupimia jikoni ni har gow, maandazi ya kamba: ganda liwe jembamba uone kamba kwa ndani, na lisipasuke unapolinyanyua. Kwa Waislamu, narudia, hilo lina mafuta ya nguruwe. Tafuteni chai ya asubuhi yenye 清真.

Nitapita haraka Wuhan, wanafunzi mnisikie: tambi za asubuhi za reganmian zichanganyeni mara tu mkipewa, kabla rojo ya ufuta haijaganda.

Na Yunnan, kusini-magharibi, penye uyoga wa porini wakati wa mvua, Juni hadi Oktoba. Mmoja unaitwa jianshouqing. Ukiukata unageuka buluu. Usipoiva vizuri unawafanya watu waone vijitu vidogo vikitembea mezani, na hospitali za huko zinawapokea kila msimu. Julai 2023 Janet Yellen, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Marekani, aliula Beijing kwenye mgahawa wa Kiyunnan, habari ikaenea dunia nzima. Hakudhurika, kwa sababu ulipikwa ukaiva. Migahawa ya Kunming, mji mkuu wa Yunnan, huweka saa mezani, dakika 15 au 20, na mingine hata vijiti haitoi mpaka muda uishe. Mheshimuni huyo mhudumu. Na msiamini maneno kwamba kitunguu saumu kisipobadilika rangi uyoga ni salama. Watu wamelazwa kwa kuamini hivyo.

Mwisho, mambo ya mfukoni. Kabla ya kupanda ndege, wekeni Alipay au WeChat, programu za kulipia kwa simu, na kuunganisha kadi yenu ya benki, maana kadi za nje zinakubalika humo siku hizi, na menyu nyingi zinafunguliwa kwa kuelekeza kamera ya simu kwenye mraba wa msimbo (QR) uliobandikwa mezani. Chukueni pia noti ndogo kwa dharura. Kuleni mchana kabla ya saa saba na jioni kuanzia saa kumi na moja na nusu. Jiko la mgahawa wa kawaida linapumzika alasiri. Na mkisimama mtaani hamjui muingie wapi, angalieni meza: kama watu wote wanakula kitu kimoja, agizeni hichohicho kwa kidole.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Sasa maswali, na tuanze na wenye tiketi za wiki ijayo.